Kulinganisha Ulemavu wa Wazee na Vihatarishi Vyake Kati ya Nchi na Nchi: Mwongozo Kamili

Kazi hii hushindikana mara kwa mara kwa namna ileile. Mtafiti huchukua asilimia ya wazee wenye ulemavu kutoka ripoti ya nchi moja, akaiweka kando ya asilimia ya nchi nyingine, kisha akaanza kueleza kwa nini wazee wa nchi ya kwanza wana afya bora, ilhali hajathibitisha kwamba asilimia hizo mbili zinapima kitu kimoja.

Ukubwa wa hatari hii unaonekana hata ndani ya nchi moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilitoa kiwango cha ulemavu cha asilimia 3.5, na ile ya mwaka 2019 ikatoa asilimia 2.2 kwa watu wa miaka 5 na zaidi. Katikati ya sensa hizo maswali yalibadilishwa, umri wa kuhesabiwa ukabadilika, na mpaka wa kumwita mtu mwenye ulemavu ukawekwa kwenye ugumu mkubwa au kutoweza kabisa. Anayesoma tarakimu hizo kama habari ya watu kupona amesoma mabadiliko ya dodoso akidhani anasoma afya.

Hatua zinazofuata zimepangwa ili kosa hilo lizuiwe mapema. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla programu ya takwimu haijafunguliwa.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Data ghafi za mtu mmoja mmoja kutoka kila nchi. Majedwali ya ripoti hayatoshi, kwa kuwa hayakuruhusu kubadilisha umri, kipimo wala mpaka.
- Madodoso yenyewe, ikiwezekana katika lugha ambayo wahojiwa waliulizwa, pamoja na vitabu vya misimbo, yaani orodha za maana ya kila tarakimu iliyo katika data.
- Maelezo ya sampuli: nani alichaguliwa, nani aliachwa, na uzito wa kila mhojiwa, yaani idadi ya watu anaowawakilisha, umekokotolewa vipi.
- Programu ya takwimu inayoelewa sampuli za makundi na matabaka. R haina malipo na inatosha. Stata nayo inafaa.
- Muundo wa umri utakaotumika kama kipimio cha pamoja cha nchi zote.
- Jedwali tupu la ulinganishaji, lenye safu ya kila swali na safu wima ya kila nchi.

Chanzo kizuri cha kuanzia ni familia ya tafiti za wazee zilizojengwa kwa kufuata HRS ya Marekani, iliyoanza mwaka 1992. Zimo ELSA ya Uingereza, SHARE ya nchi za Ulaya na Israeli, MHAS ya Mexico, KLoSA ya Korea Kusini, CHARLS ya China, LASI ya India, ELSI ya Brazil, na HAALSI ya Afrika Kusini. Hazina iitwayo Gateway to Global Aging Data, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Southern California, huweka madodoso yao pamoja na kutoa faili ambazo vigezo vyake vimekwisha kuoanishwa. Nje ya familia hiyo ipo SAGE ya Shirika la Afya Duniani, inayohusisha China, Ghana, India, Mexico, Urusi na Afrika Kusini. Faili zilizooanishwa huokoa muda mwingi, lakini haziondoi wajibu wa kusoma dodoso.

## Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

Sentensi hiyo itaje watu gani, ulemavu gani, mwaka gani, na unalinganisha nini. Amua hasa kama unalinganisha viwango, yaani wazee wangapi katika kila mia wana ulemavu, au unalinganisha uhusiano, yaani kama kihatarishi fulani (jambo linaloongeza uwezekano wa ulemavu, kama elimu ndogo au ugonjwa) kinaambatana na ulemavu kwa nguvu ileile katika kila nchi.

Uamuzi huu una uzito kwa sababu maswali hayo mawili huharibiwa na makosa tofauti. Dodoso lenye mpaka mwepesi hupandisha kiwango cha nchi nzima, lakini pengine huacha uhusiano wa elimu na ulemavu karibu kama ulivyo. Kwa upande mwingine, uhusiano hupotoshwa sana pale ambapo maskini na tajiri wa nchi moja hulijibu swali lilelile kwa namna tofauti.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kusoma sentensi yako na kuchora jedwali la matokeo likiwa bado tupu.

## Hatua ya 2: Chagua kipimo kimoja kikuu cha ulemavu

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kosa la hatua hii halisahihishiki baadaye kwa hesabu yoyote.

Vipimo vinavyotumika kwa wazee ni vya aina nne. Cha kwanza ni shughuli za kujihudumia, kama kuoga, kuvaa na kula, zinazotokana na orodha ya Katz ya mwaka 1963. Cha pili ni shughuli za kuendesha maisha, kama kupika, kununua mahitaji, kutumia dawa na kusimamia fedha, ambazo Lawton na Brody walizipanga mwaka 1969. Cha tatu ni uwezo wa mwili: kutembea umbali fulani, kupanda ngazi, kuinua mzigo. Cha nne ni swali la jumla kuhusu kuzuiwa na afya katika mambo ambayo watu kwa kawaida hufanya.

Ninapendekeza shughuli za kujihudumia ziwe kipimo kikuu. Kila mtu huoga, huvaa na hula, kwa hiyo jibu halitegemei sana kazi za jinsia wala teknolojia. Shughuli za kuendesha maisha zina kasoro kubwa: mwanamume ambaye hajawahi kupika atasema hapiki, na jibu hilo halituambii lolote kuhusu mwili wake. Ukizitumia, majibu ya "sifanyi" yasihesabiwe moja kwa moja kuwa ulemavu. Yatenge, kisha uchunguze ni ya nani. Swali la jumla nalo lina udhaifu wake, kwa kuwa "mambo ambayo watu kwa kawaida hufanya" hubadilika kutoka jamii hadi jamii.

Baada ya kuchagua aina, linganisha orodha. HRS huuliza kuhusu kutembea ndani ya chumba lakini haiweki kuzuia haja katika orodha yake kuu. CHARLS huuliza kuhusu kuzuia haja, na haina kutembea chumbani. Shughuli tano zinapatikana pande zote mbili: kuoga, kuvaa, kula, kutoka kitandani, na kutumia choo. Tumia hizo tano tu. Kuongeza ya sita katika nchi moja ni kuipa nchi hiyo nafasi moja zaidi ya kuonekana na ulemavu.

Kisha tazama madaraja ya majibu. HRS huuliza kama mtu ana ugumu wowote kwa sababu ya tatizo la afya au kumbukumbu, na humtaka asihesabu ugumu anaotarajia uishe ndani ya miezi mitatu. SHARE humwonyesha mhojiwa kadi achague shughuli zinazomsumbua. CHARLS hutoa madaraja manne: hana ugumu, ana ugumu lakini bado anaweza, ana ugumu na anahitaji msaada, hawezi kabisa. SAGE huuliza kuhusu siku 30 zilizopita na kutoa madaraja matano, kutoka kutokuwa na ugumu hadi kutoweza.

Kwa CHARLS, unganisha madaraja matatu ya mwisho ili yalingane na "ugumu wowote" wa HRS. Kwa SAGE hakuna jibu moja lililo sahihi, kwa kuwa daraja la ugumu mdogo huvuta watu ambao katika swali la ndiyo au hapana wangejibu hapana. Kata mahali pawili, kwanza kwenye ugumu mdogo kisha kwenye ugumu wa wastani, na uripoti matokeo yote mawili.

Onyo: kuwa na ugumu na kuhitaji msaada ni mambo mawili tofauti. Mzee mwenye fimbo na vishikio bafuni anaweza kuoga bila msaada wa mtu ingawa ana ugumu. Mazingira pia huingia katika jibu: mwenye magoti mabovu anayetumia choo cha kuchuchumaa atataja ugumu ambao mwenzake mwenye choo cha kukaa hatautaja. Hiyo si dosari ya data, kwa kuwa ulemavu hutokea mwili unapokutana na mazingira, ila lazima uiseme unapotafsiri.

Umefaulu ikiwa jedwali lako linaonyesha, kwa kila nchi, maneno ya swali, kipindi kinachoulizwa, madaraja, na mahali ulipokata. Hakikisha pia umeona kama dodoso huwarukisha baadhi ya wahojiwa maswali fulani. Aliyerukishwa kwa sababu alikwisha kujibu kuwa hana ugumu wowote wa mwili si mtu asiye na jibu.

## Hatua ya 3: Hakikisha watu wanaolinganishwa ni wa aina moja

Anza na umri. HAALSI huchukua kuanzia miaka 40. CHARLS, LASI na KLoSA kuanzia 45. HRS, SHARE na ELSA kuanzia takriban 50. Chukua umri wa chini ambao nchi zote zinao, au 60 ikiwa swali lako linahusu uzee wenyewe. Tazama pia umri wa juu: JSTAR, utafiti wa wazee wa Japani, ilianza na watu wa miaka 50 hadi 75 tu, hivyo haikubebi mbali katika ulinganisho wa ulemavu wa uzee mkubwa.

Angalia eneo. HAALSI ni utafiti mzuri, lakini ni wa eneo moja la vijijini, Agincourt mkoani Mpumalanga. Ukiandika "Afrika Kusini" juu ya safu yake umemdanganya msomaji.

Kisha uliza wako wapi wazee walio dhaifu zaidi. Tafiti nyingi huchagua wahojiwa kutoka kaya za kawaida. Penye nyumba nyingi za kulelea wazee, wenye ulemavu mkubwa huwa wamekwisha kuondoka katika kaya hizo. Pasipo na nyumba hizo, wako nyumbani na wanahesabiwa. Nchi ya kwanza itaonekana bora kwa sababu ya mahali pa kulala tu. HRS huendelea kuwafuata wahojiwa wake wanapohamia katika nyumba hizo, lakini usidhani kila utafiti hufanya hivyo.

Mwisho, tafuta majibu yaliyotolewa na ndugu kwa niaba ya mzee. Kuyatupa ni kuwatupa wagonjwa wa kiharusi na wenye kupoteza kumbukumbu. Yabakishe, na uweke alama ya kuyatambua.

## Hatua ya 4: Oanisha vihatarishi

Elimu igawe katika ngazi tatu kwa kufuata uainishaji wa kimataifa wa UNESCO. Ikiwa katika nchi moja karibu wazee wote hawakumaliza shule ya msingi, ongeza ngazi ya wasiosoma kabisa, la sivyo utafuta tofauti zilizo muhimu zaidi kwao. Mali na kipato vigawe katika matabaka matano ndani ya kila nchi, na ukumbuke kuwa tabaka la chini la nchi tajiri si maisha yaleyale na tabaka la chini la nchi maskini.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, ina mtego wake. HRS hutumia maswali 8 ya kipimo cha dalili za sonona kiitwacho CES-D, CHARLS hutumia 10 ya kipimo hichohicho, na SHARE hutumia kipimo kingine, EURO-D, chenye maswali 12. Alama za vipimo hivyo hazijumlishwi wala hazilinganishwi moja kwa moja. Tumia mpaka uliothibitishwa kwa kila kipimo, au panga wahojiwa kwa nafasi yao ndani ya nchi.

Hatari kubwa zaidi imo katika magonjwa. Swali la kawaida ni kama daktari amewahi kumwambia mhojiwa kuwa ana shinikizo la damu, kisukari au baridi yabisi. Jibu la "ndiyo" linahitaji ugonjwa pamoja na daktari. Asiyefika hospitali huhesabiwa kuwa mzima, na anayefika mara kwa mara, ambaye mara nyingi ana elimu na fedha, huonekana mgonjwa zaidi. Matokeo yake ni kwamba kihatarishi huonekana dhaifu katika nchi yenye huduma haba, kwa kuwa kundi la "wasio na ugonjwa" limejaa wagonjwa wasiotambuliwa. Penye vipimo halisi vya shinikizo la damu, kama CHARLS, LASI na HAALSI, unganisha kipimo, utambuzi wa daktari na matumizi ya dawa.

Kuhusu unene, unaopimwa kwa BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita), ripoti mipaka ya kawaida ya 25 na 30, lakini kwa watu wa Asia jaribu pia 23 na 27.5, ambayo kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliipendekeza mwaka 2004 kama viwango vya kuchukulia hatua.

## Hatua ya 5: Weka uzito wa sampuli

Tangaza katika programu uzito, matabaka (kama mikoa) na makundi (kama vijiji) ambamo sampuli ya kila nchi ilichaguliwa. Bila hivyo asilimia zitaegemea waliochaguliwa kwa wingi, na mipaka ya uhakika, yaani masafa ambamo kiwango halisi hutarajiwa kuwa, itakuwa myembamba kuliko inavyostahili.

Unapounganisha nchi katika faili moja, badilisha uzito ili jumla yake iwe sawa kwa kila nchi. Ukiacha uzito wa idadi ya watu, China na India zitameza matokeo yote, na wastani wako utakuwa habari ya nchi mbili.

## Hatua ya 6: Sanifisha umri na jinsia

Kusanifisha ni kukokotoa kiwango cha kila nchi kana kwamba zote zina mgawanyo uleule wa umri na jinsia. Chukua mfano wa kubuni. Katika nchi A, ulemavu ni asilimia 10 kwa wenye miaka 60–69, 20 kwa 70–79, na 40 kwa 80 na zaidi. Katika nchi B ni 12, 24 na 48. Nchi B iko juu katika kila umri. Lakini wazee wa nchi A wamegawanyika 30, 40 na 30 katika mia, na wa nchi B ni 60, 30 na 10. Kiwango ghafi cha A kinakuwa asilimia 23, na cha B asilimia 19.2. Picha imegeuka juu chini.

Sasa tumia muundo mmoja kwa zote mbili, tuseme 50, 35 na 15. Nchi A inapata asilimia 18, nchi B asilimia 21.6. Huo ndio ulinganisho.

Fanya vivyo hivyo kwa wanawake na wanaume kando kando. Unaweza kutumia muundo wa idadi ya watu wa dunia wa Shirika la Afya Duniani, ukichukua umri wako tu na kuugawa upya ufikie mia. Toa kiwango ghafi pia: waziri anayepanga huduma anahitaji kujua wazee wangapi wanahitaji msaada leo, na wazee hao hawaishi katika muundo sanifu.

## Hatua ya 7: Chunguza kama watu hujibu kwa kipimo kimoja

Wazee wawili wenye mwili ulio sawa wanaweza kutoa majibu tofauti, kwa kuwa kila mmoja hujipima kwa matarajio ya jamii yake. Kuna njia mbili za kuchunguza.

Njia ya kwanza ni visa vya kupimia: mhojiwa husomewa habari ya mtu wa kubuni mwenye ugumu fulani, kisha humpangia daraja. Nchi ambayo visa vilevile hupangiwa madaraja mepesi ina watu wanaojipunguzia hata wao wenyewe. SAGE na CHARLS zina visa vya aina hiyo. Masharti ni mawili: mhojiwa ajipime kwa rula aliyompimia mtu wa kisa, na kisa kieleweke vilevile kila mahali. Yote mawili huvunjika wakati mwingine.

Njia ya pili, ambayo mimi huiamini zaidi, ni vipimo vya mwili: nguvu ya kubana mkono na mwendo wa kutembea. Katika kila nchi, tazama wazee wenye mwendo uleule wanataja ugumu kwa kiwango gani. Ikiwa wanatofautiana sana, sehemu ya tofauti ya nchi hizo imo katika namna ya kujibu.

## Hatua ya 8: Kadiria nguvu ya vihatarishi

Anza na kila nchi peke yake, kwa orodha ileile ya vigezo. Kisha unganisha data na uweke mwingiliano wa nchi na kihatarishi, yaani kigezo kinachoruhusu nguvu ya kihatarishi kutofautiana kati ya nchi, ili upime kama tofauti ni halisi. Kusema kwamba kihatarishi kina maana kitakwimu katika nchi moja na hakina katika nyingine si ushahidi wa tofauti. Huenda sampuli ya pili ni ndogo tu.

Usitumie uwiano wa odi (odi ni walio na ulemavu wakigawanywa kwa wasio nao) kulinganisha nchi zenye viwango vya ulemavu vinavyoachana sana. Kadiria uwiano wa viwango, yaani kiwango cha wenye kihatarishi kikigawanywa kwa cha wasio nacho, kwa mfano kwa mbinu ya takwimu iitwayo regresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, na uongeze tofauti ya asilimia. Kihatarishi kinachozidisha ulemavu mara mbili kutoka asilimia 4 hadi 8 ni mzigo tofauti na kinachoupeleka kutoka 20 hadi 40.

Usijaze modeli ya takwimu kwa kila kigezo kilichopo. Ikiwa unataka athari yote ya elimu, kuweka magonjwa na kipato pamoja nayo ni kuifuta, kwa kuwa elimu hufanya kazi kupitia hayo.

Onyo la mwelekeo: sonona na kutofanya mazoezi huambatana na ulemavu katika data za wakati mmoja, lakini ulemavu wenyewe huzaa sonona na humzuia mtu kutembea. Penye awamu mbili au zaidi za kuwahoji watu walewale, chukua wasio na ulemavu mwanzoni na uangalie nani aliupata.

## Hatua ya 9: Weka vifo katika hesabu

Hatua hii huachwa na wengi, na inastahili heshima kuliko zote baada ya ile ya pili. Penye huduma haba, mtu aliyepata kiharusi kikali hufa mapema. Penye huduma nzuri huishi miaka mingi akiwa na ulemavu. Nchi ya kwanza itaonyesha ulemavu mdogo kwa sababu ya makaburi yake. Vivyo hivyo, uvutaji wa tumbaku unaweza kuonekana hauna madhara kwa wenye miaka 80, kwa kuwa wavutaji walioathirika zaidi hawakufika umri huo.

Kwa viwango, tumia mbinu ya Sullivan. Chukua jedwali la maisha la kila nchi, linaloonyesha wangapi hubaki hai katika kila umri, zidisha miaka inayoishiwa katika kila kundi la umri kwa sehemu ya watu wasio na ulemavu, jumlisha, kisha gawa kwa idadi ya walio hai katika umri wa kuanzia, kama 60. Utapata miaka ambayo mzee anaweza kutarajia kuishi bila ulemavu. Kwa vihatarishi katika data za kufuatilia, hesabu kifo kama tokeo la pekee linaloshindana na ulemavu. Anayekufa asiwekwe kwenye kapu moja na aliyehama.

## Hatua ya 10: Tikisa matokeo, kisha uyaandike

Rudia uchambuzi ukibadilisha jambo moja kwa wakati: mpaka wa ugumu, umri wa chini, majibu ya niaba, na nchi moja ikiondolewa. Mpangilio wa nchi ukibadilika kila unapogusa jambo, andika wazi kwamba nchi hizo hazitofautishiki kwa data hizi. Hayo ni matokeo kamili.

Jiepushe kueleza tofauti za nchi kwa sera au utajiri wa taifa ukiwa na nchi chache. Mistari mingi ya data haiongezi idadi ya nchi: kwa swali la sera, nchi sita ni vipimo sita.

Ripoti nzuri huwa na jedwali la ulinganishaji wa maswali mbele ya jedwali la matokeo, viwango ghafi na vilivyosanifishwa kando kando vikiwa na mipaka ya uhakika ya asilimia 95, na msimbo wa programu uliotolewa hadharani, ili mtafiti wa nchi ya saba aongeze safu yake bila kuanza upya.